Aliyeonja Kwanza

Daraja lilikatika kabla Nestor hajamaliza kubadilisha gia. Gurudumu la mbele lilikanyaga gogo lililooza, likazama, na jeep nzima ikalala ubavu na kuingia mtoni. Athanase Sebarenzi alirushwa nje. Alimeza maji ya udongo, akajigonga goti kwenye jiwe, akashika mzizi kwa mikono miwili. Alipoibua kichwa aliona mfuko wa maharagwe ukizama, sanduku la vyakula likielea kwenda zake, na sufuria kubwa ya Mukasine ikizunguka kwenye povu kabla ya kupotelea konani.

Mukasine mwenyewe alikuwa amesimama, maji yamemfika kifuani, kitambaa cha kichwa kimechukuliwa na mto.

“Nestor! Mutoto yangu iko wapi? Nestor!”

Nestor alikuwa bado kwenye usukani, mdomo tu ndio uko juu ya maji, mguu wa kulia umebanwa chini. Walimvuta pamoja, mama yake na Athanase, wakavuta tena, na safari ya tatu akatoka akilia kwa sauti ambayo Athanase hakujua mtu mzima anayo. Walipomlaza kwenye tope la ukingoni waliona mguu umepinda mahali pasipo na kiungo. Chini ya goti ngozi ilikuwa imepasuka, na ndani kulikuwa na kitu cheupe.

“Usiangalie,” Mukasine alimwambia mwanawe. “Uniangalie miye.”

Tuseme ukweli: hawakupaswa kuwa kwenye njia ile. Barabara kubwa ya kwenda Walikale ilikuwepo, mbovu, lakini ilikuwa na watu. Nestor, ambaye alikuwa dereva na hakuwa na makuu, alitaka barabara kubwa. Ni Athanase aliyechagua njia ya zamani, ile iliyochongwa na watafuta madini kutoka upande wa Masisi na kuachwa kabla ya uhuru, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba huko chini gorila hukaa makundi kwa makundi.

Alikuwa na ofisi ndogo Goma, chumba kimoja chenye picha za wanyama ukutani, na kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni. Sijui mtu mwingine aliyeipenda kazi yake namna ile. Alimjua ndege kwa sauti kabla hajamwona. Angeweza kukaa kutwa kwenye nyasi akitazama viboko wanavyogombana, akarudi nyumbani na homa, na kesho yake akaenda tena. Na akifungua kinywa kuwaeleza wageni, hata mvua ya siku nzima iligeuka kuwa neema. Wenzake walimtania kwamba anatia chumvi mpaka kwenye chai. Hakuwa mwongo hasa. Alitaka tu watu wapende anachokipenda yeye. Vita vilipokuja wageni walikimbia, picha zikaota ukungu. Sasa ilikuwa mwaka 1968, bunduki zimenyamaza, na kundi la Wazungu lilikuwa linatazamiwa mwezi unaofuata. Walitaka gorila wa msitu wa Walikale. Athanase mwenyewe hakuwahi kuwaona gorila hao. Alikuwa akiwaota tu.

Kwa hiyo alikuja kutafuta mahali pa kuweka kambi, pamoja na Nestor na mama yake, Mukasine, mjane aliyewapikia wageni wake miaka mingi. Wote watatu walizaliwa Kibabi, kwenye vilima vya Masisi, ambako ukisimama mlangoni unaona shamba la jirani na la jirani wa jirani. Kule chini mtu akikutangulia kidogo tu, majani yanamfunika. Na nyumbani walikuwa wameaga kwamba watachelewa, kwa hiyo hakuna ambaye angeanza kuwatafuta.

“Turudi juu,” Athanase alisema. Meno yalikuwa yanamgongana.

“Na ile mulima yenye ilianguka ku njia asubuhi? Tulipita na jeep, nusu tufe. Utapita pale na muntu ku mabega?” Mukasine alikuwa amepiga magoti, anapasua kanga yake vipande kwa meno. Alichagua fimbo mbili, akazifunga kwenye mguu wa mwanawe, na kila alipokaza fundo Nestor alimpiga ngumi ya bega bila kujua. “Hii maji inaenda wapi?”

“Inaingia muto Lowa.”

“Kwa Lowa kuko bantu?”

“Kuko bantu na barabara.”

“Basi tufuate maji.”

Panga lilikuwa limenasa chini ya kiti, wakalipata. Walipata pia turubai la hema, chupa ya kinini ya malaria kwenye mfuko wa shati la Athanase, na kibiriti ambacho Mukasine alikuwa anakitunza ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, kimefungwa barabara, maana alikwisha kupika kwenye mvua nyingi. Chakula hawakupata hata punje. Athanase alikata miti miwili, wakafunga turubai katikati, wakamlaza Nestor humo. Kabla ya kuinua, Mukasine alimshika Athanase mkono.

“Athanase, unisikilize. Nilizaa batano. Amebaki huyu. Atafika.”

“Atafika, Mama.”

“Usiniambie vile unaambiaka bazungu.”

“Atafika,” Athanase alisema tena, polepole, na safari hii hakutabasamu.

Msitu haukuwa ule aliokuwa akiusimulia ofisini. Haukuwa na njia, haukuwa na jua. Ulikuwa na matope, na miiba, na magogo ambayo ukiyakanyaga yanafunguka na kukumeza mpaka pajani. Waliuacha ukingo wa mto kila mara maporomoko yalipowafukuza, wakaurudia wakiufuata kwa masikio. Siafu waliwaingia usiku, wakahama na machela gizani wakijikung'uta. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha. Walikunywa maji yaliyotuama kwenye majani mapana, Mukasine akimkamulia Nestor mdomoni kwa kitambaa. Juu yao ndege waliita, ndege ambao wakati mwingine Athanase angesimamisha gari katikati ya barabara kwa ajili yao. Hakuinua kichwa.

Mguu ulianza kunuka. Nestor alishikwa na homa, akawa anaendesha jeep usingizini, anatafuta breki kwa mguu mzima. Akizinduka aliuliza jambo moja tu.

“Mama iko?”

“Niko hapa mbele. Ni miye ninakubeba.”

“Unichunge kichwa.”

“Kichwa yako ngumu, haivunjikake.”

Alikuwa mwanamke mfupi, mapaja kama vinu, na alichekesha mpaka pale. Alisema Athanase anabeba machela kama mtu aliyebeba sinia ya harusi. Alisema akifika Walikale atamdai sufuria mpya, tena yenye kifuniko. Lakini njaa haichekeshwi muda mrefu. Athanase aliona jinsi alivyoanza kujikwaa, jinsi anavyosimama na kuegemea mti akijifanya anasikiliza mto. Kisha na yeye akaanza kutetemeka. Athanase alimpa kinini. Hakutaka kuimeza na maji ya matope, aliogopa kuitapika, kwa hiyo akaitafuna kavu, vidonge viwili, huku amekunja uso na machozi yanamtoka.

Ndipo walipotokea kwenye kijiji kilichokufa. Nyumba zilikuwa zimeangukia ndani, nyingine zimebaki nguzo nyeusi za moto. Watu walikimbia vita na hawakurudi. Lakini nyuma ya nyumba, juu ya magugu, palisimama shamba zima la mihogo, mirefu kuliko mtu.

Athanase alipiga yowe la furaha. Alichimba kwa panga, akachimba kwa mikono, akafukua mizizi minene akaibusu pamoja na udongo wake. Mukasine alikaa chini, akacheka, akalia, akasema Mungu ni wa kweli.

Kibabi muhogo ni mtamu. Watoto huung'oa wakitoka shule, wakaumenya kwa meno, wakautafuna mbichi, na mama zao huwagombeza kwa wizi tu. Unga wa mihogo ya msituni waliujua kwenye soko la Sake, mweupe, mkavu, umekaa vizuri kwenye mabeseni. Ulipitia wapi kabla ya kufika hapo hawakuwahi kuuliza. Nani anauliza?

Jua lilikuwa juu walipowasha moto. Mukasine alifukia mihogo kwenye majivu, akaigeuza, akaitoa ikiwa imeungua ganda na ndani inatoa mvuke. Aliivunja, akaipanga kwenye jani la mgomba. Lakini hakula. Alimtazama Athanase, akangoja.

“Weye njo ulichimba,” alisema. “Onja.”

Ndivyo ilivyokuwa kwao tangu na tangu. Aliyeleta chakula ndiye anayeanza, wenzake wakimwona, ili ijulikane kwamba alicholeta ni kisafi na moyo wake pia. Hata porini, hata mkiwa mnakufa njaa, Mukasine hangevunja adabu hiyo. Athanase aliuma kipande kikubwa.

Kilikuwa kichungu. Haukuwa uchungu wa majivu wala wa kuungua. Ulishika ulimi mpaka mzizi wake, ukapanda puani. Alitafuna. Aliona macho ya Mukasine juu yake, aliona Nestor kwenye turubai ameinua kichwa. Aliwaza kwamba mihogo imezeeka ardhini, basi. Aliwaza kwamba akikunja uso sasa, huyu mama atakata tamaa, na hataweza kuinua machela tena. Na ulimi wake ulikuwa umezoea kazi moja miaka yote hiyo. Akameza.

“Iko tamu, Mama,” alisema. “Kuliko ya kwetu, hata.”

Mukasine aliuma, akatafuna. “Miye ninasikia chungu.”

“Ni kinini.”

“Ah, njo ile kinini. Imeharibu kinywa yangu.” Akauma tena. “Ukisema tamu, ni tamu.”

Nestor alikula vipande viwili, akatapika vyote hapo hapo, homa haikumruhusu. Athanase alikula kidogo, akasema ameshiba. Sehemu yake aliisukuma upande wa Mukasine. Alifanya hivyo kwa kumhurumia, na kwa kuwa hakutaka kuila; yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Mukasine alikula kama mtu anayelipia deni la mwili wake. Alikula sehemu yake, akala ya Athanase, akala na iliyomshinda mwanawe, akafunga mingine kwenye kipande cha kanga kwa ajili ya njia.

Walibeba machela na kuondoka. Hawakwenda mbali.

Kwanza Mukasine alisema kichwa kinamzunguka, akacheka, akasema amelewa bila kunywa. Kisha akatua upande wake wa machela bila kusema, akashika mti kwa mikono miwili na kutapika. Athanase naye aliinama kwenye magugu, tumbo linamkata, macho yanaona maji. Alipomrudia, Mukasine alikuwa amelala ubavu na anapumua haraka, haraka mno, kama amekimbia kutoka Kibabi.

“Muhogo,” alisema.

“Tapika, Mama. Tapika tena.”

“Nimeisha kutapika.” Vidole vyake vilimtafuta vikamshika shati. “Nestor amelala?”

“Amelala.”

“Usimwambie. Akijua, ataacha roho hapa. Umwambie nimetangulia kuita bantu. Weye unajuaka kusema.” Alipumua, akangoja, akapumua. “Mutoto afike.”

Mwili ulimruka mara kadhaa, Athanase akamshikilia mabega, akiita jina lake, akiita la Maria, akiita lolote. Jua lilikuwa halijashuka bado wakati mwili ulipotulia.

Alikaa naye akiwa amemshika kichwa, na hapo ndipo alipoelewa, ingawa hakuna aliyemwambia. Aliukumbuka uchungu ule. Aliurudia na ulimi wake mara nyingi, kama mtu anayegusa jino bovu. Alimbeba mpaka kwenye mwinuko, akamnyoosha, akamfunika kwa koti lake, kisha majani, kisha mawe ya mtoni, mengi kadiri nguvu zilivyomruhusu. Akasema Baba Yetu. Alipofika penye kusamehewa makosa sauti ilikataa, akaanza tena, ikakataa tena, akaacha hapo.

Ile mihogo ya kwenye kanga aliitupa mtoni.

Nestor alizinduka alfajiri. “Mama iko?”

“Ametangulia,” Athanase alisema. “Ameenda kuita bantu.”

“Peke yake?”

“Unamujua mama yako.”

Nestor alifumba macho, na uso wake ukalegea kwa ahueni. Athanase alifunga ncha moja ya machela kiunoni na mabegani kwa vipande vya kanga, akaiacha nyingine iburuze ardhini, akaanza kuvuta.

Sitasimulia kila mahali alipoanguka. Mabega yalichubuka, kisha nyama ikaonekana. Tope lilipokuwa laini machela iliteleza vizuri na alifika mbali. Penye mizizi alivuta hatua, akapumzika, akavuta hatua. Kula hakula. Palikuwa na matunda, palikuwa na uyoga mweupe kwenye magogo, na kila alichokiona mkono wake ulikifikia ukarudi. Alikuwa anaogopa kila kitu kinachoota. Nestor alikuwa anauliza, anauliza, na sauti yake inazidi kuwa nyembamba. Ili isikatike, Athanase alilazimika kuilisha maneno.

Ndipo alipoona matawi yaliyovunjwa. Yalikuwa mabichi, yanatoka maji bado, yamevunjwa kwa mstari kuelekea bondeni.

“Unaona?” alisema. “Njo mama yako. Anatuachia alama.”

Nestor aligeuza kichwa. Alinyoosha mkono, akagusa tawi lililokuwa linaning'inia, akalishika mpaka machela ilipompokonya. “Anavunja na nguvu,” alisema. “Hajachoka.”

“Hajachoka hata.”

Kutwa nzima Nestor alihesabu matawi ya mama yake. Alikuwa anayaona kabla ya Athanase. Akisahau maumivu alisema, pale, na pale tena, ameenda upande wa kuume. Na Athanase, ambaye alijua tangu tawi la kwanza ni mikono ya nani iliyoweza kupasua mti mnene namna ile, alivuta kwa kuyafuata, kwa sababu yalikuwa yanashuka, na maji yanashuka.

Harufu ndiyo iliyowakuta kwanza, kali, ya jasho. Kisha kifua kikapigwa mahali karibu mno. Athanase alijitupa juu ya Nestor, akamziba mdomo kwa kiganja, akaingiza uso wake kwenye tope. Dume alibweka. Ardhi ilitikisika, majani yakarushwa juu ya mgongo wake, na kitu kizito kikasimama pale na kupumua. Miaka yote alikuwa anawafundisha wageni: usikimbie, usimtazame machoni, inama. Aliinama. Chini ya kiganja chake pumzi ya Nestor ilikuwa moto na fupi.

Dume alikaa. Baada ya muda wengine wakaja. Aliwasikia wakiketi pande zote, wakipasua mashina, wakitafuna. Alisikia mtoto akilia na kunyamazishwa. Alisikia tumbo la mmojawapo likinguruma kwa shibe. Mkono ulivuta kitu ardhini karibu na sikio lake, akasikia mizizi ikikatika. Ni kwa ajili yao alikuja. Angeinua macho kiasi cha kidole angewaona, familia nzima, kwa ukaribu ambao hakuna mgeni aliyewahi kuulipia. Hakuinua. Alikaa na tope machoni, akimhesabia Nestor pumzi, mpaka walipoinuka mmoja mmoja na kwenda zao.

Waliacha jamvi la matungulu. Matunda mekundu, mengine yameumwa nusu, mengine yameangushwa yakiwa mazima, na mashina meupe yaliyomenywa. Athanase alitambaa. Alichukua kipande kilichoumwa, chenye alama za meno, akakitazama muda mrefu. Kilikuwa kimeliwa mbele yake, na mlaji ameondoka kwa miguu yake. Alikinyonya. Kilikuwa kichachu, chenye mbegu. Alingoja mpaka kivuli kikahama, akiusikiliza mwili wake, ndipo alipomkamulia Nestor maji ya tunda mdomoni.

“Mama aliacha hii?” Nestor aliuliza.

Athanase alitikisa kichwa kukubali.

Kesho yake palikuwa na uvundo. Alidhani ni mguu. Akainama akanusa mguu, haukuwa huo. Uvundo ulitoka mbele, mzito, mchachu, na pamoja nao sauti ya mwanamke anayeimba peke yake akiwa kazini. Athanase alivuta mpaka akatokea kwenye kijito kilichozuiwa kwa mawe. Majini palikuwa pamejaa mihogo iliyomenywa, laini, inatoa povu. Mwanamke alikuwa amesimama humo na kisu mkononi. Alipiga kelele, akarudi nyuma, kisha akaona machela, akatoka majini mbio.

Jina lake lilikuwa Dorothée, na kijiji chake kilikuwa nyuma tu ya migomba. Aliita wanaume kwa sauti ya kupasua masikio, akapiga magoti, akamnywesha Nestor maji kutoka kibuyu chake. Nestor alikunywa, akafungua macho.

“Mama yangu alifika?”

“Mama gani, kaka?”

“Mama mumoja mufupi, hana kitambaa ku kichwa. Alitangulia. Alikuwa anavunja miti ku njia.”

Dorothée alimtazama Athanase. “Hapa hakuna muntu alifika.”

Maneno yalikuwepo, tayari, mazuri. Pengine amefikia kijiji kingine, pengine amepita barabarani. Athanase aliyasikia yote yakijipanga kwenye ulimi wake.

“Mama yako alikufa, Nestor,” alisema.

Nestor hakulia. “Wapi?”

“Mbele kidogo ya ile mihogo. Siku ileile.”

“Na miti nani alivunja?”

“Ngagi. Njo ile gorila.”

Dorothée alikuwa ameweka kibuyu chini. “Mihogo ya kijiji ya zamani, kule juu? Mulikula namna gani?”

“Tulichoma.”

“Hamukuloweka?” Alionyesha kidimbwi kwa kisu chake, kama vile hawakukiona, kama vile hawakuwa wanaunusa uvundo wake. “Ile iko na sumu! Inakaa mu maji mpaka inaoza, njo muntu anakula. Na ukikosea, ukiweka ku kinywa tu, ulimi inakuambia.”

Nestor aligeuza uso polepole, akamwangalia Athanase. “Weye njo ulionja.”

“Njo miye.”

“Ulimi ilikuambia?”

“Iliniambia.”

Wanaume walifika na tipoi, kiti cha kubebea mtu mabegani, wakasimama, wakaona kwamba kuna jambo, wakangoja. Nestor alisema arudishwe kwa mama yake. Alisema kwanza taratibu, kisha kwa kelele, akijaribu kushuka kwenye machela kwa viwiko. Wanaume walimtazama Athanase, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amesimama. Athanase alisema hapana, Walikale kwanza, kwa daktari, leo hii. Nestor aliokota tope akamtupia usoni, akaokota tena. Athanase hakujifuta. Angeweza kumwambia nani aliagiza ule uongo wa kutangulia, na kwa pumzi gani. Alilimeza neno hilo, akashika mti wa mbele wa tipoi, akaweka kwenye bega lililochubuka.

Mguu ulikatwa Walikale. Mwenyewe alipona. Athanase alirudi msituni na wanaume wa kwa Dorothée, wakamkuta Mukasine chini ya mawe yake, hakuguswa na kitu, wakachimba kaburi la kweli. Kisha alikwenda Kibabi, akakaa kwenye matanga ya watu wa Mukasine, na kila aliyemuuliza alimwambia yote isipokuwa lile moja, nani aliagiza ule uongo. Wengine walimtemea mate. Kundi la Wazungu lilipofika Goma alilipeleka kwa tembo, mahali penye barabara. Walipomuuliza kama ule msitu wa Walikale ni mzuri, alisema una matope, una siafu, na mtu hufa humo. Hakuwahi kusema kama aliwaona gorila, na kwa kweli hakuwaona.

Alikwenda Kibabi mara nyingi, Jumapili, misa ya kwanza. Watu wakitoka kanisani, Nestor alikuwa wa mwisho, kwenye magongo yake, na njia ya kupanda ni nyembamba. Athanase alikuwa anasubiri chini ya kilima mpaka amwone anakuja. Alisogea kwenye majani kumpisha. Nestor alipita karibu kabisa, akihema, mzima, amenenepa kidogo mwaka ule, na hakumsalimia.